Usiache Kazi kwa "We'll Be in Touch"

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la miwani.
Jumapili mchana.

Mpendwa Kitinda wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa. Hujambo? Wifi hajambo na tumbo lake? Miguu bado inamvimba? Mwambie ailaze juu ya mto, asijifanye shujaa. Sisi huku wazima. Shemeji yako kikohozi kimeshamwachia, kimebaki kisingizio cha kutoosha vyombo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikipiga vigelegele, ya pili nikiwa nimekaa kitini. Unasema usaili kwenye ile kampuni ya vyumba vya baridi ulikwenda vizuri, bosi akakusindikiza hadi mlangoni, akakupa mkono, akakwambia, "We'll be in touch." Kwa hiyo mwisho wa mwezi unaacha kazi karakana. Weee! Tulia kwanza, mdogo wangu.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu una tabia ya kusema "sawa dada, sawa dada" huku unatafuna. Barua huwezi kuitafunia.

Kazi yangu unaijua. Nakaa mapokezi, na mlango wa chumba cha usaili uko nyuma ya kiti changu. Watu wakitoka, mimi ndiye ninayewarudishia vitambulisho, kwa hiyo nasikia wanavyoagwa. Anayetakiwa hupewa siku: "We'll call you on Thursday." Au huulizwa lini anaweza kuanza. Asiyetakiwa huambiwa "We'll be in touch," tena kwa tabasamu pana zaidi. Yote mawili yanasema tutawasiliana. La kwanza ni ahadi, la pili ni kwaheri.

Usiwaone waongo. Wewe mwenyewe fundi friji, mteja ukimwambia "njoo kesho", akija kweli hiyo kesho unamshangaa. Ukimwambia "njoo kesho saa nne", hapo friji imeshapona. Wateja wako wanaijua tofauti hiyo na hakuna aliyewafundisha. Basi na hawa wana kesho yao.

Kuna mama mmoja mhasibu aliagwa hivyo hivyo ofisini kwetu. Akafurahi, akaenda akaacha kazi aliyokuwa nayo. Akawa kila Jumatatu yuko mezani kwangu, amependeza, anauliza kama wameshapanga siku yake ya kuanza. Bosi wangu alishangaa kabisa, maana yeye alijua ameshamkatalia, tena kwa heshima zote. Mwishowe mimi ndiye niliyemweleza, kwa sababu wengine wote walijifanya wana shughuli. Alikaa kwenye kiti cha wageni, hakulia. Aliniuliza tu kama nadhani kule alikotoka watampokea tena. Hawakumpokea. Iliniuma, Kitinda, na sitaki nikufikirie wewe kwenye kiti kile, mtoto yuko njiani.

Sasa nisikilize. Ukimaliza kusoma hapa wapigie, uwaulize kwa adabu utarajie jibu siku gani. Wakitaja siku, ingojee ukiwa bado karakana. Wakirudia wimbo ule ule, shukuru, kata simu, urudi kwenye friji zako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na kama barua ya kuacha kazi umeshaipeleka, mwendee mwenye karakana leo hii umwombe aichane. Mwangukie ikibidi. Aibu haivunji mfupa.

Najua utanuna, utasema dada anakuvunja moyo kila ukitaka kupanda. Nuna tu, lakini nuna ukiwa na mshahara.

Msalimie sana wifi, Mungu amjalie ajifungue salama, yeye na kichanga. Msalimie mama, mwambie dawa yake ya macho nitamtumia wiki hii, na aache kuazima miwani ya jirani. Baba mdogo naye mpe salamu, hata kama bado hamsemeshani.

Halafu kuna jambo moja ambalo bosi wangu hawezi kulisema kwa Kiingereza chake chote. Tangu asubuhi leo nimekuwa nikiomba niwe nimekosea. Wakikuita, niandikie unicheke mpaka karatasi iishe. Nitaibandika ukutani, kila mgeni akiingia aisome, ajue kwamba mdogo wangu alipata kazi na dada yake hajui kitu.

Wako akupendaye, mwenye hamu ya kuchekwa,

Dada