Saumu Iliyosifiwa

Bujumbura, 14 Machi 1998

Mwanangu Ghanima,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, jana risasi zililia, lakini mbali, upande wa Kinama. Natumai joto la Maskati halijakuchosha.

Kosa la wengi hapa, tangu nchi jirani zituwekee vikwazo vya biashara, ni kudhani kila mtoto aliyekonda amekosa chakula. Dukani kwetu mchele upo. Binti yako Alya anafunga. Ramadhani ilikwisha Januari, akaendelea na sita za Shawali, tukamsifu. Akaongeza Jumatatu na Alhamisi, tukamsifu tena. Sasa anafunga kila siku, na magharibi hufuturu kwa tende moja, nusu akairudisha sahanini. Mama Vainqueur, jirani yetu Mkongo anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimtania: "We Alya, upepo wa ziwa utakubeba! Kula, mutoto!" Akajibu, "Apana mama, mi nimeshiba," akarudi kwenye daftari lake. Akikosea herufi moja, huchana ukurasa mzima na kuanza upya.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Huu si uchamungu. Huyu ni mtoto anayeogopa kukosea, na katika saumu amepata jambo moja asilolikosea kamwe. Tafadhali, mwambie ale.

Babako

Maskati, 2 Mei 1998

Baba mpenzi,

Waaleikum salaam. Nakubusu mikono. Sisi wazima, na mume wangu anakusalimu.

Barua yako niliwasomea mawifi, nikajivuna: miaka kumi na mmoja tu, na anatushinda sisi kwa saumu! Usimvunje moyo, Baba. Mwambie ahadi yangu iko palepale: akiwa wa kwanza darasani, nitakuja kumchukua. Mume wangu amekubali kumpokea, mradi awe mtoto asiye na lawama.

Mwanao, Ghanima

Bujumbura, 9 Julai 1998

Ghanima,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Alya si mzima.

Ahadi hiyo sikuijua. Sasa naelewa. Mtoto aliyeachwa hutafuta kosa lililomfanya aachwe. Asipoliona, hujisahihisha mwili mzima.

Juzi matokeo yalisomwa shuleni. Wa kwanza. Alisimama kwenda kuchukua ripoti yake, akaanguka. Yuko hospitalini, ametundikiwa chupa ya serumu, maji ya mshipani. Daktari anasema moyo wake umechoka kama wa mzee kama mimi. Alipozinduka hakuomba maji. Aliuliza: "Babu, nimeanguka mbele ya watu. Mama akijua, si atabadili nia?"

 

Nimekupigia simu jana na leo asubuhi. Mara zote mbili mumeo alipokea, akasema umelala. Kwa hiyo barua hii nampa Yaseen, mfanyabiashara wa mtaani kwetu, anayesafiri kesho kuja huko kupitia Kigali, akutilie mkononi. Namba ya hospitali iko nyuma ya bahasha. Usijibu kwa barua, wala usimwulize alama.

Piga simu siku hiyo hiyo utakayoipata, mumeo akiwa hapo hapo anasikia. Mwambie Alya unakuja kumchukua, hata angekuwa wa mwisho.

Babako