Usirudi kwa Ajili ya Mtihani Wangu

Mjomba wangu,

Ule ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara nyingi mno, ule ambao kuku wa bibi wanapiga kelele nyuma yako. Unasema wakala amekupigia, kampuni nyingine ya ulinzi hapa Dubai inataka watu, na safari hii geti liko ndani ya jengo, kuna kiyoyozi, inshallah. Halafu ukacheka: "Nakuja tumalize mtihani wetu, bibie. Siwezi kukuachia watu wanaoanguka kama gunia."

Sijakujibu. Mama ananiuliza kila siku. Unanijua, kwenye simu maneno yananikauka. Narekodi, nafuta, narekodi tena, nafuta. Kwa hiyo naandika. Nataka kukuomba usije, na nataka uelewe kwamba si kwa sababu sikutaki.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa ndiyo kwanza nimeletwa kutoka Unguja. Mpaka darasa la tano nilikuwa nimesoma kwa Kiswahili, ghafla nikatiwa shule ya Kiingereza, nikawa siongei na mtu. Kiingereza nilikuwa nacho, ila kilikuwa hakitoki. Wewe siku yako ya off ulikuwa unakuja kwetu Al Qusais kwa miguu kutoka kambi yenu ya Muhaisnah, ukanikuta nimejikunja kwenye kochi. Ukayatoa magodoro vitandani, ukayatandaza sebuleni, ukasema, "Inuka. Nishike."

Nikakushika shati kwa ncha za vidole.

"Ndiyo unashika hivyo? Mimi si chapati ya moto!"

Mama alicheka jikoni hadi akaunguza vitunguu.

Judo yako uliyojifunza nyumbani ukiwa kijana ilikuwa ya namna moja tu: watu wawili wanashikana na hakuna anayempa mwenzake kitu cha bure. Jina la Kijapani hukunifundisha hata moja. Ulinitupa, nikiinuka unaniuliza, "Nimekutupaje?" Nikisema sijui, unanitupa tena. Yule dada wa Kenya wa nyumba ya chini, anayefanya kazi hotelini, alipanda siku moja akiwa amejifunga leso, macho yamevimba kwa usingizi.

"Kwani mnauana huku juu? Na leo ndio off yangu!"

"Samahani dada, namfundisha mtoto."

"Mfundishe kusoma basi!"

Nilitamani sakafu inimeze. Wewe ulipomaliza kuomba radhi ukanigeukia na kuninong'oneza, "Haya, mara hii anguka kimyakimya."

Baadaye ndipo nikaingia ile klabu karibu na maghala, kwa yule mwalimu wa Kimisri. Huko nikakutana na kata: hatua zilizopangwa tangu zamani, mmoja anatupa, mwenziwe anatupwa, na kila mguu una mahali pake. Hakuna kushindana. Mjomba, hili sijawahi kukwambia. Niliipenda kuliko judo yako. Shuleni sijui nani atanigeukia ghafla aniulize kitu. Kwenye lifti sijui nani ataingia. Wewe mwenyewe nilikuwa sijui utanivutia wapi, nilikuwa nakaa roho juu mpaka tumalize. Lakini kwenye kata najua mwenzangu anakuja na mguu wa kulia, najua mkono wake utanishika ukosi, nami najua nitampeleka wapi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa napumua mbele za watu.

Ulipokuja kunitazama ulisema kwa sauti, "Hii mbona ngoma ya harusi." Mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza mjomba wako anasemaje. Nikamwambia, anasema ni nzuri sana. Akakushika mkono, akakushukuru, na wewe ukatikisa kichwa kama balozi.

Basi ule mtihani wa mkanda wa kahawia ukaja, na kata ilikuwa lazima. Yule msichana wa Kifilipino niliyekuwa nikifanya naye, kazi ya baba yake ikaisha, wakahama ndani ya wiki. Ndivyo watu wanavyoondoka hapa. Mwalimu akasema naweza kumleta ndugu yeyote anayejua kuanguka. Nani tena kama si wewe?

Na hukuweza. Wewe uliyenitupa miaka yote, kuanguka tu ukashindwa. Nikikuvuta kama kata inavyotaka, unakita miguu kama nguzo ya taa. Mwalimu akawa anakubembeleza: "Sir, wewe ndiye unayeanguka. Yalla, tena." "Najua, najua," unasema, na tena miguu imeganda. Siku ya pili ukaamua kunisaidia, ukajirusha mwenyewe hata kabla sijakugusa vizuri. Mwalimu akapiga makofi: hapana, hivyo pia si kata. Akatueleza, na mimi nikawa nakufasiria, safari hii bila uongo. Anayetupwa naye lazima aje kweli, ashike kweli, asukume kama mtu anayetaka kukuangusha. Mwili ukishatoka kwenye mizani yake ndipo akubali, asijirushe wala asigande.

Ulijifuta jasho ukanitazama. "Kumbe wanashikana kweli."

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilidhani nimepata mahali ambapo hakuna mtu wa kunishika kweli, na wewe ulidhani huko hakuna anayeshikwa. Tulikuwa tumekosea wote wawili.

Halafu Agosti. Siku yako ya off walikuita umshikie zamu mwenzako aliyeugua, masaa kumi na mawili kwenye geti la maegesho, nje. Ulifika kwetu jioni ukiwa bado na sare. Mama akakwambia ule kwanza. Ukasema hapana, mtoto ana mtihani. Tukatandaza magodoro. Ukanijia, ukanishika, nikarudi hatua, nikakuvuta, na ukaanguka. Vizuri, taratibu, kama kwenye picha. Niliruka kwa furaha.

"Umeweza! Mjomba, umeweza!"

"Acha nilale hapa kidogo," ukasema.

Ukalala hapohapo. Nilikuvua soksi. Kwenye mguu ulikuwa na alama ya mpira wa soksi, imezama kabisa, na juu yake nyama imevimba. Nilikuwa sijawahi kuitazama miguu yako isipokuwa kutafuta pa kuipiga teke. Mama akaja, akasimama na kijiko mkononi, akakutazama.

"Huyu hakuanguka kwa ajili ya kata," akaniambia polepole.

Ulipoamka ulikula. Kabla hujaondoka ukamwambia mama, "Dada, khalas. Mimi basi." Nikadhani unasema chakula.

Uliacha kazi ukarudi kwa bibi, mtihani haujafika. Kule uwanja wa ndege uliniomba radhi, nikasema hamna shida, na nilikuwa nimekasirika, mjomba. Nilikasirika wiki nyingi. Nilikuwa najua kabisa kwa nini umeondoka, nilikuwa nimeiona miguu yako kwa macho yangu, na bado nikakasirika kwamba umeniacha na kata nusu. Mtihani mwalimu akauahirisha. Nikawa naenda klabuni kwa basi peke yangu, nafika nimechoka na shule, nasimama pembeni, nafunga mkanda, nafungua, nafunga. Kuna siku nilifika mlangoni nikageuza. Mama sikumwambia.

Sasa nipo na msichana mmoja wa Kijordani, mkubwa kwangu kidogo, mzito, mkimya kama mimi. Mwalimu alitupanga sisi wawili, nadhani kwa kuwa tulikuwa hatuna mtu. Mwanzoni alikuwa ananishika kama mimi nilivyokushika siku ile ya kwanza. Nikimtupa naona natupa pazia. Nilivumilia, nikavumilia, nikijua nini hakipo, nikijua ungekuwepo ungesema neno na lingekwisha. Mwisho ikabidi niongee mwenyewe. Niliipanga ile sentensi ndani ya basi njia nzima. Nikamwambia, "Nishike kama unataka kunitupa wewe."

Akanitazama. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Mjomba, alinivuta karibu anitoe meno! Nilijikuta nimekaa chini, na mwalimu anauliza nani kati yetu anayefanya kata. Tukacheka, yeye na mimi, pamoja, kwa sauti. Tangu hapo tunaendelea. Mguu wangu wa kushoto bado unachelewa na yeye bado anajirusha akiogopa, lakini tunashikana. Mtihani ni mwezi ujao. Huenda nikafeli. Nimechoka, kusema kweli, nalala na vitabu usoni, na sina hakika hata kama huo mkanda ninautaka vile nilivyokuwa nautaka.

Lakini nakujua wewe. Utasema geti lina kiyoyozi, miguu imepona, mtoto ananihitaji. Mama alinionyesha picha uliyotuma, umekaa barazani kwa bibi umevaa kandambili, na kwa mara ya kwanza miguu yako naiona myembamba. Geti ni geti tu. Watakusimamisha ndani leo, kesho mwenzako ataugua, watakutoa nje. Na wewe hutasema hapana, kwa sababu hujui kusema hapana kwa arbab, kwa bosi, unajua tu kukita miguu na kusimama.

Nakukumbuka. Siku zako za off sebule yetu ni kubwa mno. Ukija nitafurahi hadi nilie, na ndiyo maana naandika kabla hujaja. Wakala akipiga, mwambie umepata kazi nyumbani. Mwambie chochote. Nikifeli nitarudia, nina umri wa kurudia.

Ijumaa mchana nitakupigia mimi. Usianze wewe kwa utani wako. Subiri, hata nikikaa kimya muda mrefu usikate. Nitaongea mimi kwanza.

Mpwa wako anayekupenda,
Al Qusais