Jina la Paskali Kwenye Mita Yangu

Alhamisi, mwezi wa saba. Karatu kuna baridi ya kuvaa soksi mbili, na ukungu umeng'ang'ania hadi saa tano ndipo jua likakubali kutoka. Niko ofu, siku ya tatu. Nina hasira, halafu sina, halafu ninayo tena. Acha niandike hapa kwenye ukurasa wangu kabla sijabandika ugali.

Yote yameanzia kwenye lile gari la matangazo. Jumanne lilipita mtaani kwetu polepole, spika juu, likisema wenye majengo ambao hawajalipa kodi ya jengo wafike ofisi ya kodi wenyewe kabla hawajafuatwa. Nilikuwa naanika nguo. Nilibaki nimeshika shuka lililolowa hadi miguu ikaloa.

Kwa sababu mimi sijawahi kulipa kodi ya jengo. Hata mara moja.

Nyumba hii nimeijenga mwenyewe kwa mshahara wa jikoni hotelini. Miaka kumi na minne nakanda mikate na kufunga lanchiboksi za watalii kule juu ukingoni mwa Kreta, ambako asubuhi vidole vinakufa ganzi hadi unga unaonekana wa moto. Kila nikishuka ofu nilileta kitu: saruji mifuko miwili, bati tano, fremu ya dirisha. Vyumba vitatu na sebule. Si jumba, lakini hakuna tofali nisilolijua. Na mambo ya kodi yake sikuwahi kumuuliza mtu. Nilijiambia wakiitaka watakuja. Nilijifanya niko bize. Bize gani? Uoga tu.

Tangu Jumanne nikiangalia ukuta wa mbele naona alama ya X nyekundu ya kubomolewa ambayo hakuna aliyeichora. Jana nikachukua akiba yangu ya kikoba, nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaificha kifuani. Leo nimevaa gauni la kanisani na sweta jeusi, kwa matumaini kwamba wakiona mtu wa heshima watapunguza adhabu.

Ofisini nimempata binti mmoja mdogo kabisa, wa rika la watoto wa dada yangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikaketi, nikaanza kuungama kama niko mbele ya padre. Nikamwambia nimekuja kujisalimisha, sijalipa tangu nihamie, nilijua ila nilinyamaza. Yeye akaniuliza namba ya mita. Akabofya bofya, akatabasamu.

"Mama, wewe hudaiwi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku kila mwezi ukinunua umeme. Waliotangaziwa ni wale ambao nyumba zao hazina umeme."

Nilitaka kumkumbatia. Akiba yangu! Kumbe ule mstari wa makato kwenye ujumbe wa umeme, ule unaofanya uniti za kwanza za mwezi zije pungufu, ndiyo kodi yenyewe. Mimi miaka yote najua ni deni la nguzo. Nilikuwa na hakika kwamba mdogo wangu Paskali, ambaye ndiye alishughulikia kuvuta umeme, alikubali kukopeshwa nguzo huko bila kuniambia. Sikumuuliza. Nilimlaumu tu moyoni, kila mwezi, kila nikinunua umeme. Krismasi moja nilimnyima hata soda ya pili, na sababu sikumwambia.

Nikasimama niondoke. Binti akaniuliza, kwa upole tu, "Na huyu Paskali ndiye baba mwenye nyumba?"

Nikaketi tena.

Mwenye mita ni Paskali. Kwa hiyo mwenye jengo, kwa jinsi kompyuta ile inavyojua, ni Paskali. Kila mwezi mimi nimelipa, na kila mwezi imeandikwa kwamba amelipa yeye. Nikamwambia binti, mwanangu, mimi nina karatasi ya kununulia kiwanja, ina jina langu, Emiliana, imepigwa mhuri. Akasema hiyo itanisaidia, lakini haitoshi. Niende nayo, niende na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na Paskali aje mwenyewe akiri kwamba nyumba si yake. "Asipokiri je?" Akasema basi hapo nitakuwa na kazi ya kueleza.

Nimetembea hadi stendi bila kumsalimia mtu.

Mwaka ule umeme ulipofika mtaani kwetu ilikuwa hai sizoni, hoteli imejaa hadi mahema, ruhusa hakuna. Nikamtumia Paskali hela kwenye simu, nikamwambia nenda kajaze fomu, simamia mafundi. Nilipokuja kushuka nikakuta taa inawaka sebuleni. Nililia chini ya ile taa kama mtu aliyefiwa. Jina lililoandikwa kwenye fomu sikuuliza. Kwetu kila siku wanaotumwa maofisini ni wavulana, na tukiona kazi imeisha tunashukuru.

Nikampigia. Paskali analima vitunguu kwenye shamba la kukodi huko Mang'ola, simu yake hupatikana kwa bahati, na leo bahati ikawepo. Sikumsalimia. Nilimuuliza moja kwa moja kwa nini jina lake liko kwenye nyumba yangu.

"Dada, mimi niko tayari kuja hata kesho. Ila muulize mama kwanza."

Mama yangu ninakaa naye humu. Shamba letu la Rhotia liliuzwa baba alipougua, na baba akafa vilevile, na mama akaja kwangu na sanduku moja na kuku mmoja. Kwetu mama huzeekea kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Wa mwisho ni Paskali, lakini Paskali amepanga chumba kimoja, magunia ya vitunguu yanalala upande wa kitanda. Basi mama yuko kwa binti. Mimi sikuona tatizo. Wenzake wa jumuiya ya kanisani huwa wanamuuliza, "Bado uko kwa Emiliana?" Ile "bado" nilikuwa siisikii.

Nimemkuta nyuma ya nyumba, anachambua maharage kwenye ungo. Nikamuuliza. Hata hakushtuka.

"Ndiyo. Mimi ndiye nilimwambia aandike lake." Akaendelea kutoa vijiwe.

Jamani. Nilipayuka. Nimesema mambo ambayo sitayaandika hapa, majirani waliyasikia na inatosha. Moja nitaliandika kwa sababu ni halali yangu kulibeba. Nilimwambia, basi kama nyumba ni ya Paskali, nenda kakae kwa Paskali.

Nimelisema. Kwa mama yangu.

Hapo akaweka ungo chini. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwaka ule wa umeme, yule dereva wa Rombo alikuwa anakuja hapa kila Jumapili na sukari. Nikaona anamchukua binti. Na nyumba ya binti aliyeolewa ni ya mkwe. Mkwe angenivumilia miezi mingapi? Nikasema likiwa jina la Paskali, niko kwa mwanangu wa mwisho, hakuna wa kunitoa."

Dereva! Mungu wangu, yule dereva! Alikuwa anapeleka wageni bondeni na kurudi anakunywa chai yangu jikoni, akaja nyumbani Jumapili nne au tano, akahamishiwa Arusha, na huko akaoa. Sukari yake tuliimaliza kabla ya Pasaka. Mimi hata sura yake inanipotea. Na kwa ajili ya mtu huyo mama yangu ameishi humu miaka yote hii akiwa ameshikilia jina lililoandikwa kwenye fomu ya umeme, kama mtu aliyeshika mlango usifungwe.

Imeniuma kwamba hakuniamini. Bado inauma, sitadanganya. Lakini nikajiuliza ni lini nilimwambia hapa ni kwake. Nilimpa chumba, kitanda, blanketi zito la kutoka hotelini walipouza vitu vya zamani. Nikadhani kumjengea mtu ni sawa na kumwambia. Kwa mdomo wangu ninachosema kila nikishuka ofu ni: mama, kuku wako asiingie kwenye nyumba yangu. Mama, moshi huo unaniharibia ukuta wangu. Nyumba yangu, ukuta wangu, kapeti langu. Amesikiliza hayo miaka mingapi? Na leo nikamalizia kwa kumfukuza kabisa, lile lile alilokuwa analiogopa, tena bila mkwe wala nini.

Nikachuchumaa, nikaanza kuchambua maharage naye. Nikamwomba msamaha. Akasema yameisha. Baadaye akasema, "Kabadilishe. Liandikwe lako, ni jasho lako. Mimi nilikosea." Tukachambua. Vijiwe vilikwisha tukawa tunachambua maharage mazima.

Halafu akauliza, taratibu, kama mtoto anayeuliza kitu dukani, "Na chumba changu kitaandikwa wapi?"

Nikacheka, machozi yakatoka. Nikamweleza kwamba mambo ya kodi hayana mahali pa kuandika vyumba, wao wanahesabu nyumba nzima tu. "Haya," akasema. Akabeba ungo, akaingia ndani. Ile "haya" imenikaa hapa kifuani, pale pale nilipoficha bahasha asubuhi.

Paskali ametuma ujumbe. Anapanda fuso la vitunguu Jumapili, Jumatatu tunakwenda ofisini watatu. Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu wa mikate. Mama ameshatoa kitenge chake cha Pasaka na kukianika, utadhani tunakwenda kwenye ubatizo. Na mimi mwenyewe Paskali ananidai msamaha. Soda moja haitatosha, nitamnunulia kreti.

Kwa hiyo Jumatatu jina litabadilika, na kila nikinunua umeme kodi ya Emiliana itakatwa kwa jina la Emiliana. Nilichokuwa nakitaka nitakipata. Lakini mama ameuliza swali na sijamjibu.

Basi kwa kuwa ofisini hakuna nafasi ya vyumba, naandika hapa. Mimi Emiliana, mwenye akili timamu na macho yaliyovimba: chumba cha upande jua linakochomoza, chenye dirisha linaloangalia mashamba ya ngano, pamoja na kitanda, sanduku, na kona ya nyuma ya mlango anakoatamia kuku wake, ni cha mama yangu. Nikiolewa, nisipoolewa. Mkwe akija atapiga hodi. Ninyi mnaosoma hapa, hata kama hamfiki ishirini, ninyi ndio mashahidi.

Sasa nafunga simu? Hapana, naingia nayo ndani nikamsomee.