Ile Moja ya Nyongeza

Jumapili, 1 Februari 1998

Nimechoka! Vyombo vya jana usiku bado vimejaa kwenye sinki. Karamu ya uchumba ya Yoeli tumeifanyia hapa kwetu — mtoto wa marehemu dada yangu, Yerusalemu yote hii hana mwingine. Watu arobaini, viti ishirini.

Mume wangu Nahumu akasimama kuhutubia. Kama ilivyo desturi ya karamu zetu, akajumlisha majina ya wachumba, maana kila herufi yetu ya Kiebrania ina namba yake. Yoeli arobaini na saba, Renana mia tatu na tano. "Na neno furaha ni ngapi? Mia tatu hamsini na tatu! Mbingu zimeshatia sahihi!" Vigelegele! Watu wakagonga meza.

Nimefundisha hesabu nusu ya maisha yangu. Nikajumlisha kichwani huku nimebeba sahani ya samaki. Mia tatu hamsini na mbili. Ameongeza ile moja yake, "moja ya neno lenyewe." Si kosa, wazee waliiruhusu ili kunogesha mazungumzo ya mezani. Kachumbari tu. Nani anahesabu kachumbari?

Jumatatu, 2 Februari

Yoeli anahesabu. Mhandisi wa madaraja yule! Kaja mchana, chakula hakugusa. "Mama mkubwa, inapungua moja."

Nikamweleza desturi. Akauliza: "Na zile saba?"

Zile za mhadhara! Miaka miwili nyuma aliingia kwenye mhadhara wa dini wa Nahumu kwa kejeli tu. Nahumu akawaonyesha jinsi maneno na herufi za Torati zinavyogawanyika kwa saba, saba, saba — binadamu hawezi kupanga vile, basi ni Mungu. Yoeli akashika dini, akaacha yote. Marafiki, kazi ya Jumamosi, Sabato yetu, hata kamba wa kukaanga, walio haramu kwetu, aliowapenda mno.

"Huko nako Baba mkubwa aliongeza mangapi?" Akasema hawezi kusimama chini ya hema la arusi kumwapia binti wa watu kwa Torati asiyojua tena kama ni ya kweli. Arusi ni mwezi ujao!

Jumanne, 3 Februari

Nimemwambia Nahumu aongee na kijana. Amekuja juu. Eti nataka kubomoa imani ya mtoto! — Imani uliyoijengea juu ya nini, nikamuuliza. Akavaa kofia, akaenda kwenye mhadhara wake hotelini. Ukumbi ulijaa, ananiambia. Haya.

Jumatano, 4 Februari

Leo nimejaribu mwenyewe. Nimechukua karatasi ya maelezo ya mashine ya kufulia. Kanuni ni zilezile za Nahumu: maneno yakigoma kugawanyika kwa saba, hesabu herufi. Herufi zikigoma, ruka mstari wa juu, "hicho ni kichwa cha habari." Vyote vikigoma, ongeza moja. Chai haijapoa, nina saba tele!

Nikampelekea Nahumu. "Na hii nayo imeshuka kutoka mbinguni?"

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Menuha, ukiwaambia watu njooni tu kwa Mungu, hawaji. Wakishangaa ndiyo wanakuja." Ghafla nikamwona mzee. Nimemhurumia na kumkasirikia kwa pamoja.

Mimi naamini, Mungu ananijua. Sikuwahi kuhitaji saba. Lakini aliyeletwa na hesabu, hesabu hiyohiyo si itamrudisha alikotoka? Moyo hautulii.

Alhamisi, 5 Februari

Kukanda mikate ya Sabato. Mgongo! Renana kapiga simu, kilio kitupu. Yoeli kamwambia wasubiri kwanza. Wasubiri nini? Hajamwambia.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika jikoni, haraka, supu ikiwa motoni. Nimewaita wote wawili, Yoeli na Renana, waje wakae na Nahumu. Mlango uko wazi, nawaona mezani.

Yoeli ameshika makaratasi ya mhadhara na kalamu, anahesabu mstari kwa mstari. "Hapa umeruka nini, Baba mkubwa? Na hapa?"

Nahumu kajikunyata. Mwishowe: "Hapo niliongeza. Na hapo. Sikukusudia ubaya, mwanangu."

Amesema! Nilidhani yakisemwa kutakuwa na nafuu. Hakuna.

Yoeli hata hakuinua kichwa. Kafungua ukurasa mwingine.

Renana bado hajavua koti. "Yoeli. Nilikupenda kabla mtu hajajumlisha jina langu. Ukimaliza kuhesabu hizo, utanihesabu na mimi?"

"Nikifika mwisho nitajua."

King'ora cha mji! Sabato inaingia, na Sabato hatushiki kalamu. Nahumu ameisukuma mbali kalamu yake. Renana anamtazama Yoeli mkono.

Nimeshachukua kiberiti cha mishumaa ya Sabato, lazima niache kuandika. Yoeli bado anaandika.