Gari Ulilokataza Nisiuziwe

Kwako Baba Mkwe,

Watu huanza barua na neno "mpendwa". Nililiandika, nikalifuta. Tumejuana miaka kumi na miwili bila kudanganyana kuhusu hilo, na sioni sababu ya kuanza leo.

Clarisse, binti yako na mke wangu, ameniomba nisiandike. Lakini tangu urudi Kinshasa kwa mwanao mkubwa hupokei simu yangu, na kila ndugu anayenipigia ananiambia umesema nilikuibia gari, kisha nikakuacha uwanja wa ndege kama mzigo usio na mwenyewe. La pili ni kweli. La kwanza ni uongo, na nitalieleza mbele ya yeyote atakayesoma barua hii, kwa sababu wewe nawe ulinidharau mbele za watu.

Unaikumbuka Jumamosi ile nilipokuja kumposa Clarisse. Nilikuja na mjomba wangu, aliyetoka Butembo na suti yake ya kanisani, na rafiki yangu Kambale. Ulikuwa umeketi uani, kwenye nyumba yako ya Karavia, na gari lako la michezo lilikuwa limetolewa gereji: la kijani kilichokolea, milango miwili, viti viwili, limeinama hadi karibu na ardhi. Ulilinunua zamani, ulipokuwa mkubwa wa idara mgodini, na mtaa mzima ulijua kwamba hata wanao hawaruhusiwi kuligusa.

Mjomba ulimpa kiti. Mimi ulinitazama viatu, ukasema, "Kijana, kama unangoya, osha ile motokari."

Nilidhani unatania. Mjomba aliangalia chini. Nikajiambia huu ni mtihani, kwamba mtu anayelipenda gari lake namna hii atafurahi kumwona kijana mwenye mikono ya taratibu. Nikavua koti. Nililiosha karibu saa nzima, maji yakiniingia viatuni, na Clarisse akiwa dirishani jikoni, mpaka mama yake alipovuta pazia asiendelee kuona.

Nilipomaliza ulisimama, ukapitisha kidole chini ya mlango, ukamwonyesha mjomba vumbi.

"Haujue hata kuosha motokari," uliniambia. "Mutoto yangu utamuchunga namna gani? Muntu wa kuya ni muntu wa kuya tu." Mtu wa kuja, yaani mgeni aliyetoka Butembo.

Tuliondoka na vinywaji tulivyovileta, havijafunguliwa. Tulifika Ruashi, mtaani kwangu. Hapo mjomba akasema, "Usimwambie mama yako." Alirudi Butembo kesho yake na hakukanyaga tena Lubumbashi mpaka alipofariki. Mimi ningeweza kukusamehe kwa ajili yangu. Kwa ajili yake, hapana.

Clarisse alinifuata hata hivyo. Tulifunga ndoa kanisani Ruashi na kiti chako kikabaki kitupu. Mama mkwe alikuja kwa taksi, kitambaa kichwani na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mapajani. Alikuja hivyo hivyo kwa kila mtoto aliyezaliwa, mara tatu, na kila mara alikuambia anakwenda sokoni. Nadhani ulijua. Hukuwahi kumuuliza sokoni alinunua nini.

Nilianza na lori moja lililochoka, nikibeba unga na mafuta ya kupikia kutoka mpakani. Leo malori yangu yanapeleka chakula hadi mgodi wa Kinsevere. Sisemi haya ujue nina nini. Nasema ili uelewe kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tuliweza kukaa mezani, Clarisse na mimi, na kuzungumza juu ya gari letu sisi, si la biashara.

Tulikwenda mjini kuona jeep mpya, nyeusi, viti saba vya ngozi, mlango wa nyuma unajifungua wenyewe. Clarisse alipanda, akakaa mbele, kisha kati, kisha nyuma kabisa. "Watoto hapa," alisema. "Mama hapa, na miguu yake aweze kuinyoosha." Barabara za Ruashi unazijua kwa kusikia tu, lakini mvua ikinyesha zinameza gari dogo. Jeep lilikuwa jibu, na nilimwambia ndiyo.

Wiki ileile nilipita Karavia, nikaliona gari lako kwenye parkingi ya muuzaji mmoja, tairi la nyuma limelala na karatasi ya "linauzwa" kiooni. Ulikuwa umeshahamia Kinshasa kutibiwa miguu. Nilisimama. Nililizunguka mara mbili, halafu nikamuuliza muuzaji masharti.

Aliniuliza jina, nikamwambia. Akaona haya. "Papa mwenye motokari alisema niuzishe kwa kila muntu," alisema, "lakini hapana kwa ule muntu wa Butembo wa Ruashi. Alitaja jina yako."

Baba Mkwe, ungenyamaza, leo ningekuwa nakuandikia salamu. Nilikuwa nalitazama tu. Ni wewe uliyefanya nilitake.

Nilimtuma Kambale. Alilinunua kwa jina lake, akalipa bei uliyoitaja bila kubishana, ukatia sahihi huko huko Kinshasa na ukapokea pesa zako zote. Kesho yake akaniandikia mimi karatasi. Huo ndio wizi wangu.

Clarisse alipoliona uani hakupiga kelele. Aliweka chini kapu alilokuwa nalo, akaniuliza, "Umenunua motokari, ao umenunua ba papa?" Bado anakuita hivyo, baba kwa heshima. Mpango wa jeep ukasimama. Watoto hawakuwa na pa kukaa, na tumbo la gari liligonga kila shimo la Ruashi. Clarisse alikataa kulipanda hata siku moja. Alikwenda kanisani kwa miguu na watoto watatu, nami nikiwapita kwa kasi ya kobe, peke yangu kwenye gari la fahari. Sikujali. Kila nilipoufunga ule mlango nilimwona mjomba.

Kisha dada yako akafariki hapa Lubumbashi. Clarisse alikuwa kilioni tangu alfajiri, akaniomba niwapokee wewe na mama mkwe uwanja wa ndege. Kambale alikuwa ametuazima jeep lake kwa siku hiyo. Nililiacha nyumbani na funguo zake juu ya meza.

Ulitoka saa sita mchana, umeshika fimbo, mama akivuta sanduku. Uliliona gari kabla ya kuniona mimi. Uso wako ulianza kufurahi, kisha ukaniona nimeliegemea.

"Hii motokari ni ya nani sasa?" uliuliza.

"Ni yangu, Papa."

"Leta funguo. Nitaendesha mwenyewe."

"Hapana, Papa. Na nafasi iko moja tu."

Nilimfungulia mama mlango. Sikumwambia kitu. Nilikuwa tayari akatae, na nakuapia angekataa ningekupa wewe kiti hicho na kumeza yote. Alikutazama, akaliacha sanduku karibu na miguu yako, akajikunja taratibu akaingia.

"Taksi iko pale, ba papa," alisema, akafunga mlango.

Ulifika kilioni baada ya saa nzima, shati limelowa jasho, na kila mtu alikuwa ameshajua. Nilisikia utamu, sitakuficha. Clarisse aliniita nyuma ya nyumba. "Ulimuacha ba papa kwenye jua na fimbo mukononi," alisema. Nilimwambia ndiyo. Hakuongea nami siku nne.

Huenda ningejuta kama si kilichofuata. Binti yetu wa mwisho alikuja akasimama mbele yako, akamuuliza mama yake, "Huyu mzee ni nani?" Clarisse akasema, "Ni babu yako." Mtoto akakunyooshea mkono. Wewe ukageuza uso, ukaomba maji. Mtoto alibaki ameunyoosha mkono wake hewani, kisha akaurudisha taratibu na kuufuta kwenye gauni, kana kwamba una uchafu.

Siku ileile niliamua. Sikutaka tena kitu chako uani kwangu. Fundi mmoja wa hapa Ruashi amelifungua vipande vipande. Milango imekwenda kwa mwingine, injini kwa mwingine. Viti vyako viwili viko nje ya karakana yake, na madereva wangu hukaa hapo kula mkate na maharage. Nilisimama kuangalia mpaka boliti ya mwisho.

Jeep nyeusi lilifika Alhamisi. Clarisse anaendesha mwenyewe. Mama ameandika kwamba mwezi ujao anakuja kukaa nasi, na hakuandika atarudi lini.

Tukijaa sote kwenye jeep kinabaki kiti kimoja. Sitakuita, na nimemkataza Clarisse kukuita. Siku utakayokitaka, utakuja Ruashi, utagonga mlangoni kwangu, utangoja ufunguliwe, na utaomba.

Kaa salama huko uliko.

Mkweo, baba wa yule mtoto aliyekunyooshea mkono