Tumbaku Chini ya Mti wa Sukari

Ndugu yangu Ambrose, ilikuwa Jumanne tarehe 25 Machi, saa nne asubuhi. Ndipo kila kitu kilipoharibika.

Nilikuwa msituni na watoto wa darasa la tano, tunataka kutoboa miti ya sukari, ile mieple, tukinge utomvu wake mtamu wa kuchemshia sukari. Nikampa kila mtoto tumbaku kidogo kiganjani, aiweke chini ya mti, aushukuru kwanza, kwa mila yetu. Ndivyo marehemu mke wangu Delima alivyowafundisha watoto wa shule hii kwa miaka kumi na moja.

Kumbe yule mama wa ofisi inayofadhili kambi yetu ya utomvu yuko nyuma yangu, anapiga picha!

"Mzee, unawagawia wanafunzi tumbaku?"

Nikamwambia, "Ni ya mti, mama, si ya kuvuta. Na mti hauna mapafu."

Watoto wakaangua kicheko. Yeye hata meno hakuonyesha. "Kanuni ni kanuni. Tumbaku na wanafunzi, hapana."

Tumbaku na wanafunzi, hapana! Kwenye msitu wetu!

Mwalimu mkuu alikuwepo. Mila anaijua, mama yake ni wa kwetu. Akabaki kutazama viatu vyake tu, mwoga yule.

Leo barua imefika. Fedha za kambi zimesimamishwa, basi la kuwaleta watoto msituni limefutwa. Na juu ya barua hiyohiyo wameandika jina la mradi wao, "Mafunzo ya Utamaduni". Hawa wakubwa wanatuchezea, Ambrose.

Utomvu unatiririka sasa hivi, wiki mbili umekwisha. Mjukuu wangu Waseya, wa darasa hilohilo la tano, ameshanipigia simu mara mbili:

"Babu, kesho basi linatuchukua saa ngapi?"