Majibu ya Baba kwa Afisa

Shangazi, shikamoo.

Paka wetu amezaa. Kaka naye ametoka shule ya marekebisho, na Jumamosi Baba anamleta akae kwako. Amekwambia ni likizo. Si kweli!

Afisa wa ustawi alikuja kupima kama Kaka anaweza kurudia kumdhalilisha mtoto.

"Anasoma? Ana marafiki? Kosa lake mnalizungumza?"

"Yote ndiyo, bibie. Huyu malaika!"

Shule imemkataa, marafiki hana, na kosa halitajwi humu. Nilipokohoa, Baba akanigeukia: "Wewe, rudi kwenye vitabu vyako."

Nina hasira, Shangazi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho kitakuwa cha mtoto.

Mpokee, ila usimwache peke yake na wanao mapacha. Kaka mwenyewe ndiye aliyeniomba nikuandikie hivyo.

Binti wa kaka yako